Skana ya Shangazi na Skana ya Chicago

Najua nimekuwa kimya majuma mawili, na wengine mmeanza kudhani nimehamia kilimo. La. Nilikuwa Kisauni, kwa shangazi yangu, chini ya meza, na tochi ya simu mdomoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi ana tarakilishi ya mezani nyumbani, moja ya zile zilizofanya kazi ofisini Uingereza, zikapakiwa kwenye kontena, zikashushwa bandarini kwetu na kuuzwa kwa jina la eks-yuke. Amekaa nayo miaka sita bila kelele. Anachapa mitihani ya wanafunzi wake, binamu yangu anatazama mpira, maisha yanakwenda. Mwezi uliopita akanunua vitu vitatu kwa mpigo: skana bapa ya mtumba, diski ya nje, na habu, yaani kile kidude kinachogawa mlango mmoja wa USB ukawa minne. Nia yake ilikuwa kuhamisha albamu ya marehemu bibi iingie kwenye diski kabla picha hazijaisha. Mliokulia Pwani mnaijua hewa ya chumvi na unyevu inavyozila picha, zinaanza na doa dogo pembeni, mara uso wa mtu haupo.

Tangu siku ya pili mashine ikaanza kuanguka. Anaskani picha mbili, tatu, halafu ghafla skrini ya buluu, maandishi ya Kizungu, mashine inajizima na kujiwasha. Fundi akaitwa. Akatazama dakika kumi, akasema ni virusi, dawa yake ni kupiga format na kuanza upya.

Hapo ndipo shangazi akanipigia simu. "Baba, huyu mtu ataka kufuta kila kitu. Si wewe ndiye uliyesomea mambo haya?"

(Ukiwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, ukoo mzima huamini ulikaa chuoni miaka minne ukifundishwa kutengeneza printa.)

Nikamwuliza kwani picha zenyewe si bado anazo kwenye albamu. Akanyamaza kidogo. Akaniambia zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi na plastiki juu, ukizibandua picha nyingine zinachanika. Alikuwa ameskani picha moja ya bibi akiwa msichana, katika kuirudisha ikapasuka, nusu ya uso ikabaki kwenye gundi. Nakala nzima iliyosalia ilikuwa ndani ya ile mashine ambayo fundi alitaka kuifuta. Nikamwambia azime kila kitu, achomoe waya ukutani, asimruhusu mtu aiguse. Ijumaa nikapanda treni.

Nitawaeleza nilichokikuta. Ila kwanza nataka niwarudishe nyuma, kwa sababu tatizo la shangazi lina nasaba ndefu, na ukiijua nasaba hiyo hutamkubali tena kirahisi mtu anayekwambia "ni virusi, tupige format".

Tuanze na hodi. Kifaa chochote kilichounganishwa na tarakilishi, kibodi, diski, printa, kina wakati ambao kinataka kusikilizwa. Umebonyeza herufi, kibodi inataka kuitoa. Njia ya kale ni kupiga hodi: kifaa kinatuma ishara kwenye waya maalumu, prosesa inaacha inachokifanya, inakwenda mlangoni, inapokea mzigo, inarudi kwenye kazi yake. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza tarehe 12 Agosti 1981, mngoja mlango alikuwa chipu ya Intel iitwayo 8259, nayo ilikuwa na milango 8 tu, kuanzia 0 hadi 7. Milango hiyo ndiyo inayoitwa IRQ. Saa ya mfumo ilikuwa na mlango wa 0, kibodi wa 1, disketi wa 6, printa wa 7, na milango ya siriali ilichukua ya 4 na 3. Hesabu mwenyewe kilichobaki.

Mwaka 1984 IBM ikatoa PC AT yenye chipu mbili za 8259. Usidhani zikawa milango 16. Chipu ya pili yenyewe ilibidi ipige hodi kupitia mlango wa 2 wa chipu ya kwanza, kwa hiyo ikabaki 15, na mingi kati ya hiyo ilikuwa na wenyewe tayari: saa ya kalenda 8, diski kuu 14, baadaye kipanya 12. Kadi yako mpya ilikuwa inagombea mabaki.

Ubaya ni kwamba katika mashine hizo kadi mbili hazikuweza kushiriki mlango mmoja kwa usalama. Wote wawili wakipiga hodi, prosesa inakwenda kufungua na kumsalimia mgeni mmoja, wa pili anabaki nje na mzigo wake. Hakuna ujumbe wa kosa. Mashine inaganda tu, na wewe umeketi unaitazama.

Mfano uliowasumbua watu wengi ni wa modemu na kipanya. Kwa desturi mlango wa siriali COM1 na COM3 ilitumia IRQ 4 yote miwili, na COM2 na COM4 ikatumia IRQ 3. Kipanya cha zamani kiliingia COM1. Mtu ananunua modemu ya ndani, imepangwa kiwandani iwe COM3, anaifunga vizuri kabisa, parafujo zote mahali pake, mashine inawaka vizuri. Anapiga simu kuingia mtandaoni, na modemu inapoanza kuimba ule wimbo wake, mshale wa kipanya unakwama katikati ya skrini. Akikata simu, kipanya kinafufuka! Mtu wa kawaida afikirie nini hapo zaidi ya uchawi?

Dawa ilikuwa jampa, vile vipande vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, unavichomoa kwenye pini mbili na kuvichomeka kwenye nyingine ili kadi ihamie mlango mwingine. Vikidondoka chini ya kitanda ndiyo basi. Na waliocheza michezo kwenye DOS wanaukumbuka mstari wa BLASTER wenye A220 I5 D1: kadi ya sauti iko anwani 220, mlango wa hodi wa 5, chaneli ya DMA ya 1. Kosea tarakimu moja na mchezo unaanza bubu, au hauanzi. Mimi nilizaliwa wakati hayo yanaelekea kwisha, 8259 niliisoma chuoni katika somo la asubuhi sana, na nakiri nilisinzia. Nilikuja kuielewa miaka baadaye.

Mafundi wa enzi hizo walikuwa na kanuni moja: chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja, kila ukirudisha kimoja jaribu. Inachosha, lakini sijaona iliyoishinda.

IBM wenyewe walijaribu kuyamaliza haya mwaka 1987 kwa mashine za PS/2 na basi ya Micro Channel, ambamo kadi zilipangwa kwa programu badala ya jampa. Ilikuwa kazi nzuri, ila waliifunga kwa leseni ghali na washindani wakaikataa. Tuwapite.

Hatua iliyotugusa sote ilikuja mwaka 1993, Intel na Microsoft walipotangaza vipimo vya Plug and Play kwa kadi za ISA. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu kuna ufundi ndani yake ninaoupenda. Tatizo ni hili: una kadi tano kwenye basi moja, hazina anwani bado, na ukisema neno lolote zinasikia zote. Utazungumzaje na moja? Walichofanya ni kuipa kila kadi namba yake ya biti 64, pamoja na biti 8 za kuhakikisha. Tarakilishi inaanza kuuliza biti moja moja. Kadi yenye 1 katika nafasi hiyo inajibu kwa sauti, yenye 0 inakaa kimya na kusikiliza. Mwenye 0 akisikia kuna aliyejibu, anajua kashindwa, anakwenda kulala. Biti zikiisha, kadi moja tu iko macho. Inapewa namba, inawekwa kando, mashindano yanaanza tena kwa waliolala mpaka wote wamepata namba. Baada ya hapo mfumo unamgawia kila mmoja mlango wake wa hodi bila kugusa jampa.

Windows 95 ikatoka tarehe 24 Agosti 1995 ikiwa na ahadi hiyo: chomeka, utumie. Shida ni kwamba nyumba za watu zilijaa kadi za zamani zisizojua mashindano hayo. Windows ikalazimika kuzikisia, inapapasa anwani fulani kuona kama kuna kitu kitajibu, na wakati mwingine kule kupapasa ndiko kulikoigandisha mashine. Waandishi wake walilijua hilo. Katika kusakinisha, kabla ya kila jaribio la hatari, waliandika kwenye faili liitwalo DETCRASH.LOG kile wanachotaka kufanya. Mashine ikiganda, unazima kwa nguvu, unawasha, programu inasoma faili lile, inaona ilifia wapi na kuiruka hatua hiyo. Nimeitumia mbinu hiyo hiyo katika programu zangu. Watu waliiona hali ilivyo wakaibadilisha ahadi ile kwa utani: chomeka, usali.

Sasa tuje kwenye USB. Kampuni saba, Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilianza kuitengeneza mwaka 1994, Ajay Bhatt wa Intel akiwa miongoni mwa wahandisi wake wakuu, na toleo la 1.0 likatangazwa Januari 1996. USB iligeuza desturi ya mlangoni. Kifaa hakipigi hodi tena. Mwenye nyumba ndiye anayezunguka akiuliza kila mmoja, "Una neno? Wewe je?" Kidhibiti kimoja kinatumia mlango mmoja wa IRQ na kinaweza kuhudumia vifaa hadi 127. Ugomvi wa milango ukafa kwa pigo moja. Apple walipotoa iMac mwaka 1998 bila disketi na bila milango ya zamani, watengenezaji wa vifaa wakalazimika kuifuata USB wapende wasipende.

Mwaka huo huo ndipo ilipotokea ile skana ya Chicago.

Tarehe 20 Aprili 1998, maonyesho ya Comdex. Bill Gates yuko jukwaani, pembeni yake kijana wa Microsoft aitwaye Chris Capossela anaonyesha Windows 98 ambayo bado haijaingia sokoni. Anaeleza jinsi kuchomeka kifaa kulivyokuwa rahisi sasa, anachomeka skana ya USB, na mbele ya umati mzima skrini kubwa inageuka buluu. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Gates akatabasamu na kusema kwamba bila shaka hiyo ndiyo sababu hawajaanza kuiuza. Windows 98 ilitoka kweli tarehe 25 Juni mwaka huo. Na kwa wale wenye huruma na kijana yule: hakufutwa kazi, alipanda hadi kuwa mkuu wa masoko wa kampuni nzima.

Watu wengi wanaijua video. Sababu yake wanaijua wachache. Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa Microsoft, amesimulia kwamba skana iliyopelekwa jukwaani haikuwa ile iliyojaribiwa maabara, na kwamba ilidai umeme mwingi kuliko sheria za USB zinavyoruhusu. Windows ilikuwa na sehemu ya kushughulikia mgeni mlafi kama huyo, lakini sehemu hiyo haikuwa imejaribiwa ipasavyo, na ndimo mlimokuwa na kosa. Kwa hiyo yalikuwa makosa mawili, moja la umeme na moja la programu, na kila moja peke yake pengine lisingeonekana siku ile.

Niliposoma habari hiyo miaka iliyopita niliicheka. Jumamosi asubuhi Kisauni sikucheka.

Jambo la kwanza nililofanya kwa shangazi ni kutoiwasha mashine yake kabisa. Nilitoa diski ya ndani, nikaiunganisha na kipakatalishi changu, nikanakili kila kitu. Picha zilikuwepo, thelathini na nne. Tatu za mwisho zilikuwa zimekatika katikati, juu picha na chini kijivu kitupu, kwa kuwa mashine ilianguka zikiwa zinaandikwa. Ile ya bibi ilikuwa ya ishirini na mbili. Nzima. Shangazi aliitazama kwenye skrini yangu, akaenda jikoni kunipikia chai ambayo sikuwa nimeiomba, akakawia kurudi.

Nikarudisha diski, nikachomoa vyote, nikaanza kurudisha kimoja kimoja.

Skana peke yake kwenye habu: sawa. Diski ya nje peke yake kwenye habu: inanguruma kidogo, lakini sawa. Zote mbili kwenye habu, taa ya skana ikaanza kutembea, diski ikalia "tak", ikapotea, na sekunde mbili baadaye skrini ya buluu. Nikarudia mara tatu, mara tatu ikaanguka. Nikaondoa habu, nikachomeka skana na diski moja kwa moja nyuma ya mashine, kila moja na mlango wake. Nikaskani kurasa kumi za gazeti. Haikuanguka.

Hesabu yake ni nyepesi. USB hutoa volti 5. Kwa sheria za USB 1 na 2, kifaa kipya kinaruhusiwa kuvuta miliampu 100 tu hadi kitakapojitambulisha. Kinasema jina lake na kiasi cha umeme kinachohitaji, na tarakilishi ikiridhia ndipo kinaweza kwenda hadi 500. Habu isiyo na waya wake wa umeme inapokea hizo 500, inajiwekea hadi 100 kwa matumizi yake, na zilizobaki inazigawa: 100 kwa kila mlango. Skana isiyo na plagi ya ukutani na diski ya nje isiyo na plagi ya ukutani, kila moja peke yake ni mzigo. Diski ndiyo mbaya zaidi inapoanza kuzunguka.

Sasa utauliza, kwa nini tarakilishi haikukataa? Mfumo wenye akili ungesema umeme hautoshi. Nikafungua programu ya kutazama maelezo ya vifaa vya USB na kusoma habu ilivyojieleza. Ilijitangaza kuwa ina umeme wake yenyewe! Haina hata tundu la kuchomekea adapta. Habu nyingi za bei nafuu husema uongo huo, maana aliyetengeneza alinakili chipu na maelezo yake, basi. Tarakilishi ikaamini, ikawaruhusu wageni wote wawili wale washibe, na chungu kikawa kitupu. (Milango ya USB 3.0, iliyokuja mwaka 2008, hutoa miliampu 900, na milango mipya ya Type-C zaidi ya hapo, kwa hiyo wenye mashine mpya huenda msilione hili. Mashine ya shangazi ilikuwa na USB 2 tu.)

Lakini umeme kupungua unapaswa kukipoteza kifaa tu. Skrini ya buluu ilitoka wapi?

Windows ikianguka huacha faili dogo la kumbukumbu kwenye folda iitwayo Minidump. Nikazifungua zote, saba. Zote zilisema neno moja, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na zote zilitaja faili moja la draiva lililotoka kwenye CD iliyokuja na skana. Mnaona herufi IRQ zilivyojificha humo? IRQL si kitu kile kile na mlango wa hodi, ni ngazi ya kipaumbele ambayo prosesa inafanyia kazi, lakini ni mjukuu wake. Maana ya kosa ni kwamba draiva iligusa kumbukumbu isiyostahili kuigusa wakati ule. Nilivyozisoma kumbukumbu zile, kifaa kilikuwa kimetoweka katikati ya kazi na draiva ikaendelea kuzungumza nacho kana kwamba kipo. Aliyeiandika hakuwahi kujiuliza skana ikikatika ghafla itakuwaje. Basi, Chicago 1998, tena sebuleni Kisauni.

Draiva ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa kimoja. Nyingi huendeshwa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, mahali ambapo hakuna askari wa kumkamata mkosaji. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa peke yake. Draiva ya kerneli ikikosea mfumo wote unasimama, nao unasimama makusudi, ili isiendelee kuandika uchafu kwenye diski yako. Skrini ya buluu ni breki. Ilikuwapo zamani njia nyingine: Windows NT 3.1 ya mwaka 1993 iliiweka michoro nje ya kerneli, kisha NT 4.0 ya mwaka 1996 ikaihamishia ndani ili iende kasi, na kwa muda hata draiva za printa zikawa ndani. Ndiyo, printa iliweza kuangusha seva.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington uliochapishwa mwaka 2003, wa Swift, Bershad na Levy, ulitaja kwamba asilimia 85 ya maanguko yaliyoripotiwa ya Windows XP yalisababishwa na draiva. Linux nayo haikusalimika: mwaka 2001 watafiti wa Stanford waliokagua msimbo wake walikuta sehemu za draiva zina kiwango cha makosa mara 3 hadi 7 ya sehemu nyingine za kerneli. Na Vista ilipolaaniwa dunia nzima, barua za Microsoft zilizotolewa mahakamani mwaka 2008 zilionyesha kwamba asilimia 28.8 ya maanguko yaliyorekodiwa mwaka 2007 yalitokana na draiva za Nvidia peke yake. Za Microsoft wenyewe zilikuwa asilimia 17.9. Mwenye nyumba alitukanwa kwa fujo za wageni, ingawa hata yeye hakuwa msafi.

Microsoft walifanya kazi kubwa hapo katikati na tuwape haki yao. Windows 2000 ilikuja na Driver Verifier, programu ya kuisulubu draiva hadi ikiri makosa. Vista ya biti 64 ikakataa draiva za kerneli zisizo na sahihi. Na timu ya USB ilikuwa na toroli lililojaa vifaa, habu juu ya habu, vyote vikiishia kwenye plagi moja. Walilisukuma hadi ofisini kwako, wakachomeka plagi ile, wakasubiri uone mashine yako itafanya nini. Wakaliita toroli la kifo.

Kwetu Kenya kulikuwa na kikwazo cha ziada. Kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali na ya kukwama, na kupakua draiva ya megabaiti 40 kulihitaji moyo. Kwa hiyo mafundi walitembea na mikoba ya CD. Draiva iliyokuwamo ndiyo uliyowekewa, iwe ya mwaka gani, iwe ya modeli yako au ya binamu yake. Mashine ikianza kuanguka, kutafuta draiva moja mbaya kungechukua siku nzima, na kupiga format kulichukua saa mbili. Simlaumu sana fundi wa shangazi. Alirithi tabia iliyokuwa na sababu zake. Ila nyaya zimetua zamani sasa.

Na kama unadhani haya ni ya vifaa vya mtumba tu, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Sasisho la programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo sehemu yake hukaa ndani ya kerneli kama draiva, iliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilisimama. Hakuna aliyechomeka skana. Kosa lilikuwa la ukoo ule ule: msimbo ulio kiinini ukapata data usiyoitarajia. Mwaka 2025 Microsoft wakaibadilisha skrini yenyewe ikawa nyeusi. Buluu imestaafu baada ya miaka mingi ya huduma :-)

Kwa shangazi nilifanya mambo mawili. Niliiondoa draiva ya CD na kuweka toleo jipya zaidi kutoka tovuti ya mtengenezaji, megabaiti 60, dakika mbili. Kisha nikaenda mjini kununua habu yenye adapta yake ya ukutani. Niliporudi nikazichomeka skana na diski zote mbili kwenye habu mpya, nikaskani, na katikati ya kuskani nikaichomoa skana makusudi. Mashine ikasema kifaa kimepotea. Haikuanguka. Binamu yangu, aliyekuwa akisubiri mpira, akapiga makofi.

Jumamosi usiku na Jumapili kutwa tukaskani sisi watatu. Tuliacha kubandua: albamu tuliilaza bapa juu ya kioo, ukurasa mzima na plastiki yake, tukakata picha moja moja kwenye skrini. Zile tatu za kijivu tulizirudia. Picha zilizokuwa zimeshabanduka zenyewe shangazi alizipitisha mkononi polepole, akizigeuza, na kwa kadhaa akaninyooshea upande wa nyuma, ambako mtu alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa kahawia. "Na nyuma pia," akasema. "Hapo ndipo majina yalipo."